Kesi ya Matete

Alhamisi, 3 Aprili

Dawa ya kichwa, dawa ya kikohozi, dawa ya kichwa. Mama mmoja kataka "ile ya njano" na kakataa kabisa kuniambia inatibu nini. Nimemwonyesha zote za njano. Hakuna hata moja aliyoitambua. Kaondoka kaninunia mimi.

Mvua haijakata tangu jana. Barabara ya stendi ni tope tupu na bodaboda wananirushia matope mlangoni kila wakipita. Nimewafokea wawili. Wa tatu alikuwa mzee, nikamwamkia.

Mchana Gladness kaingia dukani moja kwa moja kutoka shule, chaki bado mikononi, kakumbatia mkoba mweusi. Darubini! Mbili! Kaazimwa na mwalimu mwenzake ambaye zamani alikuwa akiongoza watalii. Huu ni mwaka wa tatu tangu Mchaga huyu aniambukize ugonjwa wake wa kutazama ndege, na muda wote huo tumekuwa tukikodoa macho tu kama watu wanaosoma bango la mbali. Tumezijaribu hapo hapo mlangoni. Kunguru juu ya nguzo ya umeme: nimemwona mpaka jicho. Wateja wamesubiri. Wasubiri.

Kesho tunakwenda Kalemawe. Masika ndiyo yenyewe: bwawa limejaa na ndege wa Ulaya wanapita kurudi kwao. Nina miaka arobaini na nne na nimeshindwa kula kwa furaha. Aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumefika. Mgongo sina. Pikipiki ya Gladness imetengenezwa kwa ajili ya mwalimu mmoja mwembamba. Njia nzima nilikuwa nimeupakata mkoba wa darubini kama kichanga. Milima upande wa kulia yote imefunikwa ukungu, hifadhi ya Mkomazi upande wa kushoto kijani kibichi mpaka macho yanapoishia. Baada ya Kisiwani tulizama kwenye dimbwi. Nilishuka nikasukuma. Gladness alibaki juu akinielekeza.

Tunalala kwa kaka Elinami. Yeye ndiye aliyebaki na mashamba ya baba hapa kando ya bwawa. Mimi niliolewa, nikaachika, nikabaki mjini na duka langu. Sina kinyongo. Kaka analima, mimi nakula mchele wake.

Wifi kapika makande. Gladness kaangalia sahani, kasema, "Nilijua tu. Upareni ukija unakula makande, ukiondoka unafungashiwa makande." Kaka kacheka mpaka kakohoa. Anampenda sana kwa sababu ya utani. Naye akamlipa kwa kile kisa cha Mpare aliyeuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda kushtakia kuku. Watu husimulia kile kisa kutucheka. Kaka anakisimulia kwa kujisifu. Aliyeuza ng'ombe alikuwa babu yetu.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianze mwanzo.

Tulitoka jua halijachomoza. Umande mpaka magotini. Bwawa limejaa hadi limemeza miti ya ukingoni, imebaki vichwa tu juu ya maji. Mdiria wa kwanza tulimkuta kwenye tawi kavu, kajitumbukiza, katoka na samaki, kampigiza kwenye tawi, kammeza. Yote hayo nikiwa sijapumua. Kisha furukombe akalia juu yetu. Ile sauti! Nilisimama wima kama mtu aliyetajwa jina kanisani.

Mwari walikuwa kundi zima, wakivua kwa pamoja, midomo inazama wakati mmoja na kuibuka wakati mmoja. Gladness kasema hao ndio msaragambo wa kweli, kazi ya kijiji kizima, hakuna anayetega. Nimemwambia asiuseme msaragambo wetu, kwao watu hawachimbi hata choo bila kulipana. Tumecheka mpaka yangeyange wakaruka.

Halafu keremkerem. Mweh! Tulisikia kabla hatujaona, sauti laini juu kabisa, kama filimbi nyingi zinazopulizwa na watoto walio mbali. Nikainua darubini na anga yote ilikuwa imejaa. Manjano, kahawia, bluu. Walikuwa wakielekea kaskazini. Gladness kasema wanavuka jangwa zima na bahari juu yake kwenda kulea watoto wao Ulaya, bila pasipoti. Shingo iliniuma na sikuishusha. Nilitaka wasiishe. Waliisha.

Gladness alikuwa akimtafuta pia sile-maua, yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani yanayoelea. Tulimpata. Gladness akataka kumsogelea, mguu ukazama, akautoa bila kiatu. Tumekichimbua kile kiatu kwa fimbo tukiwa tumelala kifudifudi, wanawake wawili wenye heshima zao mjini.

Saa sita tulipanda juu ya kichuguu kimoja kikubwa mwisho wa mashamba ya kaka tule chapati zetu. Mbele yetu mpunga, mbele ya mpunga kipande cha matete, kisha maji. Na hapo ndipo nilipomwona. Mimi! Si Gladness, mimi. Korongo taji. Ile taji ya dhahabu kichwani, mashavu meupe, anatembea ameinama kama mtu aliyechelewa ibada. Akaingia ndani ya matete. Akapotea. Kidogo tu akatoka korongo mwingine mahali pale pale.

Gladness akanishika mkono. Alama za kucha bado ninazo. Kasema kwa kunong'ona, "Wanapokezana zamu."

Tukasimama juu ya kichuguu. Ukisimama unaona ndani. Lundo la matete yaliyokanyagwa, maji pande zote, na korongo anajiweka sawa juu yake. Kabla hajayalalia nikaona mayai. Matatu, meupe yenye ubluu kwa mbali. Yule aliyetoka zamu akaanza kucheza peke yake kwenye nyasi! Anainama, anaruka, mabawa wazi, anainama tena. Hakuna aliyemwomba. Gladness alilia. Mimi nilijiziba mdomo kwa kanga nisipige vigelegele.

Tumeapa kutomwambia mtu. Korongo hawa wamekuwa adimu. Vijana wanawanyemelea vifaranga na kuwauza kwa watu wenye majumba, wanakwenda kufugwa bustanini kama maua. Neno likitoka tu, kiota kimekwisha.

Halafu jioni. Kaka kanawa mikono, kakaa, kasema kwa furaha zake zote kwamba kile kipande cha matete sasa anakifyeka. Atachoma, atalima, atapanda mpunga kabla maji hayajapungua. Nilimkanyaga Gladness chini ya meza.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani kaka aliimba besi kwa nguvu zote. Nilimwangalia kisogo na kuwaza matete. Bwana anisamehe.

Njiani tumegombana, na kugombana kwenye pikipiki ni kazi. Gladness anasema nimwambie kaka ukweli. Nikamwambia Elinami na siri ni ungo na maji. Akiambiwa jambo asubuhi, mchana liko kilabuni, jioni liko Ndungu. Tena atanicheka. Mtu anayelala na jembe na kuamka na jembe, umwambie aache shamba kwa ajili ya mayai ya ndege? Namjua kaka yangu. Gladness kasema, "Haya, unamjua." Hakuzungumza tena mpaka Same.

Jumanne, 8 Aprili

Kaka kapiga simu. Amenoa mafyekeo. Vijana wanne, Jumamosi asubuhi. Kasema mwaka huu mchele wangu utakuwa gunia zima, nikae tayari kuupokea. Nimesema asante kaka. Nimekata simu, nimekaa chini nyuma ya kaunta.

Siku nzima roho juu juu. Mteja kaniomba dawa ya minyoo nikampa ya macho. Kairudisha, nashukuru anajua kusoma.

Gladness kaja baada ya vipindi. Tumefikiria kila kitu. Kumwomba kaka asubiri bila kumpa sababu: hawezi. Kumtuma mtu wa maliasili: atakuja na gari, kijiji kizima kitamfuata nyuma kuona kuna nini. Kuwalipa vijana wasiende: watatafutwa wengine. Gladness kachoka, kapiga meza, kasema, "Nyinyi watu, kitu hamkiachi mpaka kiwe na kesi!"

Tukatazamana.

Kwetu kitu chenye kesi hakiguswi. Mtoto mdogo anajua. Ukigusa kinachogombewa umeshindwa kabla hujasimama kusema. Kuna mihogo pale kijijini ilisubiri uamuzi mpaka ikaoza ardhini, na mdai na mdaiwa walikuwa wakipita kando yake kila siku wakiisalimia kwa macho.

Nakwenda kumshtaki kaka yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefunga duka. Basi la kwanza. Baraza la kata.

Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Sikuikuta. Mwenyekiti wa baraza, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisikia neno "matete" akavuta kiti karibu. Nikasema marehemu mama alikuwa akikata matete pale ya kuzungushia ua. Hilo ni kweli. Nikasema kipande kile basi ni cha upande wa mama, na mimi ndiye binti wa mwisho. Hilo nilikuwa nalitunga huku nikilisema. Wazee wakaguna, wakatazamana, mmoja akasema, "Hii nzito." Walifurahi! Nimewaona. Kulikuwa na kiu ya kesi.

Amri imetoka palepale: eneo lisiguswe na upande wowote mpaka shauri lisikilizwe. Na halitasikilizwa mpaka Pasaka ipite. Nimemwamkia kila mzee tena wakati wa kutoka, kwa heshima zote, nikaenda nyuma ya jengo na kucheka mpaka nikalia.

Gladness kwenye simu alipiga kelele hadi wanafunzi wake wakauliza kuna nini.

Alhamisi, 10 Aprili

Kaka kapiga. Hakusalimia.

Kaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nikasikia kuku wake nyuma. Kisha kaniita kwa jina, "Nakijwa. Mimi?" Maneno mawili tu. Nilitaka kumwambia kila kitu pale pale. Ulimi ulikuwa mlangoni. Nikawaza kilabu, nikawaza vijana wa kuiba vifaranga na magunia yao, nikaumeza.

Ndipo sauti yake ikabadilika. Ikawa ya baba kabisa. Kasema sawa, kama ni kesi basi ni kesi, yeye ana mashahidi ambao mimi siwajui. Kakata.

Najisikia mchafu. Na mayai ni mazima. Vyote viwili.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo ndiyo siku ambayo matete yangefyekwa. Tumeona kwa macho yetu wenyewe kwamba hayajafyekwa!

Hatukuthubutu kupita kwa kaka. Tulizunguka ng'ambo ya bwawa, tukajificha kwenye vichaka kama wezi wa ng'ombe. Darubini juu. Matete yapo, yamesimama. Korongo yupo, taji tu inaonekana, inacheza na upepo.

Kisha Gladness akaanza kutetemeka. Nikadhani malaria. Kumbe anacheka. Kanisukumia darubini yangu kulia, na pale ukingoni mwa mpunga nikamwona kaka yangu Elinami, kakaa kwenye kigoda, mwavuli kichwani, fimbo mapajani. Analinda matete! Anaogopa nitakuja kuyaiba kabla ya kesi. Ng'ombe wawili walisogea kunywa maji, akainuka, akawafukuza. Vijana wa nyavu walitaka kupita pale, akawaelekeza wazungukie mbali.

Korongo wamepata askari. Hawamlipi chochote. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Nimecheka njia nzima kurudi. Gladness kaendesha kwa kuyumba. Nyumbani nilipobaki peke yangu ndipo nilipowaza kwamba alikuwa amekaa kwenye mvua.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kila Pasaka wifi huniambia nije na sukari na mafuta, na nguo ya kubadilisha maana nitalala. Mwaka huu simu imekaa kimya mezani. Nimekula wali peke yangu. Mchele ni wake.

Gladness yuko kwao Rombo. Katuma picha ya nyama.

Jumanne, 22 Aprili

Baraza. Nilikwenda nimejikaza moyo. Kaka kavaa koti la harusi yake. Tumesalimiana kwa adabu kama watu wa serikali. Shikamoo kaka. Marahaba.

Kabla sijafungua kinywa kasimama na kuomba shauri liahirishwe. Ana shahidi huko Mwanga, mzee sana, anajua mipaka ya tangu zamani, lakini miguu imevimba, wampe nafasi apate usafiri. Mwenyekiti akaniuliza kama napinga.

Kama napinga! Nilikunja uso kidogo ili isionekane nimefurahi. Nikasema naheshimu baraza. Imeahirishwa. Gladness kasema kaka yangu ndiye mhifadhi bora wa mazingira Wilaya ya Same nzima na hana habari.

Jumamosi, 26 Aprili. Sikukuu ya Muungano

WAPO! Wapo wapo wapo!

Ng'ambo ya bwawa, asubuhi, mvua imekata. Korongo wawili wametoka kwenye matete kwa pamoja. Hawajawahi kutoka pamoja. Nikajua. Nikamvuta Gladness mkono. Nyuma yao nyasi zikatikisika na vikatoka vifaranga viwili, madonge ya manyoya, rangi ya mchanga, miguu mirefu isiyojua iende wapi. Kimoja kikaanguka. Kikainuka. Kikaanguka tena. Kisha cha tatu, kimechelewa, kinakimbia!

Watatu. Wote watatu.

Baba alikuwa akisimama, anageuka, anawasubiri. Mama anadonoa wadudu na kuwawekea mbele. Wakapita kando ya maji taratibu kuelekea nyasi kubwa za juu, kule ambako hakuna shamba wala njia. Hawa hawakai kiotani. Siku ya kwanza tu wanatembea. Tuliwafuata kwa macho mpaka nyasi zikawafunika.

Tumekumbatiana, tumeanguka vichakani, miiba imetuchoma, hatujali. Gladness kapiga vigelegele vya Kichaga, nami vya Kipare, na mwari wote wakaondoka bwawani. Sijawahi kufurahi hivi tangu niwe mtu mzima. Siongezi chumvi. Harusi yangu haikufikia hapa.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda kuiondoa kesi. Nilidhani ni kusema tu, basi.

Kaka kakataa! Kaitwa, kaja amevimba. Mzee wa Mwanga ameshafika, amelala kwake tangu jana, amechinjiwa kuku. Mashahidi wengine wawili wameacha kazi zao. Na mimi naona nimebanwa ndipo nasema naondoa? Aka! Anataka uamuzi. Anataka jina lake lisafishwe mbele za watu. Wazee wa baraza wote wakatikisa vichwa kukubaliana naye, na kwa nyuso nilizoziona, wangeniona mhuni kuwanyima kesi yao.

Kesho kutwa. Ninapaswa kuitetea kesi niliyoitunga mwenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nauza dawa.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeshindwa. Vizuri sana nimeshindwa.

Mzee wa Mwanga alikaa kwenye kiti kilichobebwa na watu wawili, akataja mipaka jiwe kwa jiwe, mti kwa mti. Watu walijaa mpaka madirishani. Nilipoulizwa nina swali, nikasema sina. Minong'ono. Mpare asiye na swali!

Matete ni ya Elinami. Na mwenyekiti akaongeza: dada aliyemsumbua kaka yake bila sababu akamsaidie kufyeka kipande hicho hicho, kwa mikono yake, kisha wale pamoja, neno liishe. Ndivyo wazee wamalizavyo. Watu wakapiga makofi. Kaka hakupiga. Nilidhani atanitazama kwa ushindi. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Gladness kasema aje anisaidie. Nimemkataza. Hii ni yangu.

Jumamosi, 3 Mei

Tumefyeka, sisi wawili tu. Vijana hakuwaita. Tope la vuguvugu, mbu, matete yanakata mikono. Yeye upande wa mpunga, mimi upande wa maji.

Tulipofika katikati tukalikuta lundo. Yeye ndiye aliyefika kwanza. Kasimama. Kainama, kaokota ganda la yai, kaligeuza kwenye kiganja. Kaniangalia.

Nikamwambia. Yote. Kichuguu, mayai, kukimbilia baraza, mama na ua wake, kujificha ng'ambo nikimtazama na mwavuli wake. Nilingoja anifokee. Mpunga wa pale mwaka huu umemchelewea na sababu ni mimi.

Kakaa kwenye tuta. Kasema, "Ungeniambia."

Nikauliza kwa ukali, maana aibu yangu hutoka kwa ukali, kama ningemwambia angengoja.

Kanyoosha kidole kwenye jaruba la chini, lile la pembeni. Mwaka juzi korongo walitaga pale, katikati ya mpunga wake. Alivuna kwa kuwazunguka. Kipande kizima kilibaki kimesimama mpaka mpunga ukadondoka wenyewe. Kwa wifi alisingizia panya. Kila jioni alikuwa akienda kuwatazama, anajifanya anakagua maji.

"Hata wewe sikukuambia," kasema. "Nilijua utanicheka."

Nimemsogelea nikakaa tutani. Baadaye tuliinuka tukamalizia kufyeka. Wifi kaleta ugali shambani na tumekula sahani moja.

Kaniuliza korongo wameelekea wapi. Nimemwonyesha.